Nkasi ilionyesha njia, chama kikapotea

Mwaka 2020 CHADEMA ilipoangushwa karibu nchi nzima, jimbo moja tu la uchaguzi liliipa mbunge: Nkasi Kaskazini, hapa hapa Rukwa, kwa Aida Khenani. Watu wa Ufipa walikuwa tayari kuchagua upinzani. Walichokosa ni chama kilichotulia.

Januari 2025, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482. Mbowe alikubali matokeo, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini makundi hayakuvunjwa. Ubishi juu ya kususia uchaguzi mkuu wa mwaka huo bila mageuzi ukazaa G55, kundi la makada waliopinga kususia, na kufikia Mei makada wazito, akiwamo Salum Mwalimu, walikuwa wamehamia chama kingine cha upinzani, CHAUMMA.

Hatusahau kwamba Lissu alikamatwa Aprili mwaka huo na kushtakiwa kwa uhaini, wala kwamba CHADEMA kilizuiwa kushiriki uchaguzi huo kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Dola ina lawama yake, tena kubwa. Ila si dola iliyowatuma makada wavuane nguo hadharani.

Mkulima wa Mwimbi, huku huku Rukwa, ana maswali mepesi. Mgombea wenu wa udiwani hapa ni nani? Ofisi ya kata iko wapi? Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ikifunga ununuzi, mahindi yetu mtayapeleka soko gani? Viongozi wa CHADEMA na CHAUMMA wapande hadi Matai, wakae na wananchi na kuwajibu, mapema kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029.