Mkoba wa Kinasa Sauti: Zana Iliyosahaulika katika Utafiti wa Nyanjani

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii yamfaa sana mtafiti wa fasihi simulizi, kwani fani anayoishughulikia huishi katika utendaji, na utendaji ukishapita haurudi jinsi ulivyokuwa. Bibi aliyetamba ngano leo anaweza kuombwa aitambe tena kesho, lakini atakayoitamba kesho itakuwa ngano nyingine: hadhira itakuwa si ile, pumzi itakuwa si ile, na pengine hata mwisho wake utakuwa umegeuka. Ruth Finnegan alilisisitiza suala la utendaji katika kitabu chake Oral Literature in Africa mwaka 1970, na tangu hapo limekuwa msingi wa mihadhara ya fasihi simulizi.

La kushangaza ni kwamba mwanafunzi hufunzwa nadharia za utendaji, hufunzwa kuunda hojaji na kuomba kibali cha utafiti, kisha hutumwa nyanjani bila kuelezwa lolote kuhusu namna ya kukibeba chombo kitakachouhifadhi utendaji huo. Mjadala ukiwepo, huishia kwenye aina ya kinasa sauti. Mkoba hudhaniwa kuwa kitu cha kununuliwa njiani, mithili ya mfuko wa sokoni. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanashikilia kwamba mkoba ni sehemu ya mbinu ya utafiti, na kwamba uteuzi wake unapaswa kuongozwa na swali moja kuu: je, mtafiti anaweza kurekodi, kusikiliza na kurekebisha sauti akiwa ameuvaa na anatembea?

Historia yenyewe inaonyesha jinsi uzito wa mitambo ulivyoamua ni fasihi ipi ihifadhiwe. Milman Parry, ambaye kazi yake iliendelezwa na Albert Lord, alirekodi waimbaji wa tendi za Yugoslavia katika miaka ya 1930 kwa kutumia sahani za alumini. Kila upande wa sahani ulibeba dakika chache tu, hivyo ikabidi atumie mitambo miwili iliyopokezana ili wimbo usikatike. Mtambo wa aina hiyo haukuweza kumfuata mwimbaji aendako. Mwimbaji ndiye aliyeufuata. Hugh Tracey alipowarekodi Wakipsigis mwaka 1950, bado gari ndilo lililokuwa mkoba wake. Stefan Kudelski alianza kuibadili hali hiyo alipounda kinasa sauti cha Nagra nchini Uswisi mwaka 1951, chombo ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba begani. Leo vinasa sauti vingi vya kitaalamu, kama vile Zoom F8 cha mwaka 2015 au MixPre-3 cha mwaka 2017, havifiki kilo moja kabla ya kutiwa betri. Teknolojia imemwondolea mtafiti kisingizio cha kuketi mahali pamoja. Kilichobaki kumfunga ni mkoba mbaya.

Chukua mfano wa zefe la Maulidi katika mji wa kale wa Lamu. Vichochoro ni vyembamba, umati unasukumana, matari yanapanda na kushuka, na msafara haumngoji mtu. Mtafiti aliyekitia kinasa sauti katika shanta la mgongoni hawezi kukiona. Ili ajue kama sauti inaingia ipasavyo, sharti asimame, alivue shanta, afungue zipu na kuchungulia. Atakapoinua kichwa, zefe limekwisha pinda kona. Asipochungulia, huenda akagundua usiku kwamba matari yalipaa kupita kiwango, sauti ikapasuka, na alichorudi nacho ni mkwaruzo. Mwenzake aliyeuning'iniza mkoba mbele, tumboni, ukiwa umefunguka kwa juu, hutupa jicho mara moja, akageuza kitufe kwa kidole kimoja na kuendelea kutembea. Wawili hawa wana kinasa sauti kimoja na nadharia moja. Tofauti yao ni mkoba, na tofauti hiyo itaonekana katika tasnifu.

Kwa hivyo, sifa ya kwanza ya mkoba ufaao ni kufunguka kwa juu na kuuonyesha uso wa kinasa sauti wakati wote. Mikoba ya kampuni kama Porta Brace, Orca na K-Tek imeundwa kwa msingi huu, na mingi ina kifuniko chenye kuona ndani kinachozuia vumbi bila kuzuia macho. Pili, mkoba uwe wa kimo kinachofaa. Kosa la kawaida ni kupima kinasa sauti pekee na kusahau kuwa vichwa vya waya huongeza sentimita kadhaa kila upande. Mkoba unaobana huzikunja waya hizo hadi zikakatika ndani kwa ndani. Mkoba mpana mno nao huacha vyombo vikigongana, na mgongano huo hupenya hadi katika maikrofoni.

Tatu, mkoba uwe mkimya. Velkro inapobanduliwa katikati ya utendi husikika kama nguo inayopasuliwa. Vishikizo vya chuma hulia kama njuga ambazo mchezaji hakuzivaa. Nne, uhimili mazingira. Vumbi la Turkana na mvuke wa chumvi wa Lamu ni maadui wa namna mbili. Kifuniko cha mvua ni cha lazima, lakini mkoba uliozibwa kabisa chini ya jua la adhuhuri huviunguza vyombo kwa joto lake wenyewe, hasa ukiwa mweusi. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyotupwa pamoja na maboksi ya viatu vipya vyastahili kuokolewa na kutiwa ndani yake. Tano, uwe na nafasi ya betri za ziada, kwani maikrofoni nyingi zinazohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa kinasa sauti huzimaliza betri upesi, na akiba haiozi. Mwisho, uzito ugawanywe kati ya mabega na kiuno kwa mikanda mipana. Mtafiti aliyechoka shingo huanza kuombea ngoma iishe.

Huenda wapo watakaodai kwamba teknolojia mpya imeyafuta mahitaji haya. Ni kweli kwamba vinasa sauti vya biti 32, kama Zoom F6 kilichotoka mwaka 2019, huwezesha sauti iliyopaa kushushwa baadaye bila kuharibika. Lakini hakuna biti itakayorejesha sauti iliyopotea kwa sababu waya ulichomoka au betri ilikufa bila mwenyewe kuona. Wengine watasema simu ya mkononi inatosha. Kwa mahojiano ya watu wawili chumbani, pengine inatosha. Kwa vugo la harusi, ambamo sauti ya mwimbishaji, kiitikio na vigelegele vinaingiliana, simu iliyoshikwa mkononi huzichanganya sauti zote na kuongeza msuguano wa vidole.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama. Mikoba hiyo ya kampuni za ng'ambo, ikijumlishwa na nauli na ushuru wa forodha, inaweza kuipita bajeti nzima ya mwanafunzi. Hata hivyo, sifa zilizotajwa hapo juu hazina hatimiliki. Mkoba wa mpiga picha ufungukao kwa juu, ulionunuliwa katika mitumba, waweza kubadilishwa na fundi cherehani kwa siku moja: akaushonea mkanda wa kiunoni, akatoboa pembeni njia za waya, akaondoa velkro na kuweka vishikizo vya plastiki. Zaidi ya hayo, idara za Kiswahili zinaweza kumiliki mikoba miwili au mitatu iliyo kamili na kuwaazima wanafunzi kwa zamu, kama vile maktaba inavyoazimisha vitabu. Idara inayomtahini mwanafunzi juu ya data haina budi kujali data hiyo ilivyopatikana.

Lipo pia suala la maadili, na hapa ndipo mkoba unapodai busara kuliko fedha. Mkoba mkubwa wenye jina la kampuni kifuani humgeuza mtafiti kuwa mtu wa televisheni. Fanani naye akaanza kuitumbuiza kamera isiyokuwepo. Mkoba mdogo, wa rangi ya kawaida, hausumbui hadhira. Lakini udogo huo usiwe maficho. Kinasa sauti kilichozama mkobani chaweza kurekodi mazungumzo ya wazee bila wao kujua, na huo ni wizi hata ukifanywa kwa jina la taaluma. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inaitambua jamii kuwa mwenye mali. Mtafiti muungwana huufungua mkoba mbele ya wenyeji, akawaonyesha taa nyekundu na maana yake, akawaeleza wanavyoweza kumtaka aizime. Mkoba ufungukao kwa juu unalifaa hilo pia: wanaorekodiwa wanaweza kuona wanachofanyiwa.

Wazee wanaozihifadhi fani hizi wanapungua kila mwaka, na watafiti wanaofika kuzisikiliza si wengi. Wahadhiri wanaoandaa kozi za mbinu za utafiti watenge walau kipindi kimoja, waje na mkoba, waufungue mezani, wamvike mwanafunzi na kumtembeza uwanjani akirekodi. Ni afadhali waya uchomoke hapo, chuoni, kuliko uchomoke mbele ya manju asiye na mrithi.