Ilani: Kifua cha Mtu wa Butembo na Beni Kionekane Hadi Ndani

Sisi tunaotoa ilani hii ni wauguzi, wapiga picha za eksirei, walimu, wafanyabiashara, madereva wa pikipiki na watu waliouguza kifua nyumbani, wa Butembo, Beni na vijiji vya kati, mashariki mwa Kongo. Leo tunaanzisha harakati yenye dai moja: anayekohoa huku aonekane mapafu yake tabaka kwa tabaka, bila kusafirishwa Goma wala Kampala.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Tangu 2021 shirika hilohilo limekubali picha ya kifua ya mtu wa miaka 15 na zaidi isomwe na programu ya kompyuta katika uchunguzi wa awali. Ruhusa basi ipo. Tunachokosa ni mashine inayovumilia maisha yetu: umeme wa kukatika, mazuto ya bei, tope, na vita. Njia ya Beni–Kasindi, iendayo Uganda, imekwisha kumwagikiwa damu mara nyingi. Mwenye mapafu mabovu atangoja msafara wa jeshi hadi lini?

Picha ya kawaida huugeuza mwili mzima kuwa kivuli kimoja. Mbavu, mtulinga, moyo na mapafu hulaliana, na kidonda kidogo nyuma ya moyo humpita hata daktari mzoefu. Skana (CT) hukiona, lakini ni nzito, ni ghali, hutaka umeme usiotetereka na humpa mgonjwa mionzi mingi. Kati ya hizo mbili ipo tomosinthesisi. Kifua hupigwa picha kadhaa kutoka pembe mbalimbali, kisha kompyuta hukifunua kama kurasa za daftari. Mionzi yake huzidi ya picha moja, ila iko chini sana ya ile ya skana.

Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na tyubu moja ya eksirei inayobebwa na mkono wa chuma kuzunguka mbele ya mgonjwa, naye amebana pumzi. Mtoto mwenye homa hawezi kubana pumzi hivyo. Na huo mkono ni gia, mota na mikanda. Kimoja kikikatika, kipuri kinaanza safari ya Mombasa, Kampala, Kasindi, na chumba kinafungwa. Ndiyo maana tunataka mtambo usiosogea.

Upo. Tangu William Coolidge alipotengeneza tyubu yake mwaka 1913, mitambo mingi bado huchoma uzi wa tangsteni hadi kupita nyuzi joto 2,000 ili elektroni zichomoke. Nanotyubu za kaboni, ambazo Mjapani Sumio Iijima alizieleza mwaka 1991, hutoa elektroni zikiwa baridi, kwa msukumo wa umeme tu. Kwa kuwa ni ndogo na huwashwa na kuzimwa papo hapo, vyanzo vingi vinapangwa safu moja na kuwaka kwa zamu, pasipo chochote kutembea. Kundi la Otto Zhou na Jianping Lu katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, lilipanga vyanzo 31 kwa ajili ya matiti, kisha likaja kwenye kifua. Kampuni ya Micro-X ya Adelaide, Australia, inauza mashine nyepesi ya kusukuma yenye tyubu ya aina hiyo, ingawa hiyo hupiga picha bapa. Tusidanganyane: kila chanzo kina nguvu ndogo, na joto upande wa anodi, zinakogonga elektroni, bado lipo. Kazi haijaisha.

Tunajua tutakavyochekwa. Mji wa mavumbi unadai nanotyubu? Wanaocheka wamesahau upesi. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, jaribio la dawa liitwalo PALM lilifanyika hapahapa, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe ikiwa mstari wa mbele. Mwaka 2019 likaonyesha dawa mbili zinazookoa. Ulimwengu ulijifunza kutibu Ebola kwa damu ya watu wetu. Mahali panapofaa kwa jaribio la dawa panafaa pia kwa jaribio la mashine.

Ila safari hii kwa masharti. Hatutapokea mtambo chakavu uliochoshwa kwingine na kupakwa rangi ya msaada. Hatutakubali jaribio litakalofunga mizigo na kuondoka na mashine pamoja na picha za vifua vyetu. Kila anayepimwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na kila mpiga picha apewe kipimo cha mionzi cha kuvaa. Na fundi wa kwanza awe mtoto wa hapa.

Fedha si za kuomba tu, na wataalamu si wa kuazima tu. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben kilianza hapa Butembo mwaka 1989, Askofu Emmanuel Kataliko akiongoza jimbo, na leo kinafundisha waganga. Ndugu zetu wafanyabiashara, ninyi mnaoleta kontena kutoka Guangzhou na Dubai bila kupotelewa na msumari, tieni likelemba moja, mchango wetu wa zamu, kwa ajili ya chumba, betri na sola.

Nanyi wahandisi wa Chapel Hill na Adelaide: kabla hamjasema mashine zenu ziko tayari, zileteni zijaribiwe Butembo, msimu wa mvua.