KABLA YA KULIPA TISHETI, TUANGALIE KWANZA TRIKO



Munajua kama kila mwaka, mbele ya mtihani wa Serikali, darasa la sita linapanda mlima ulio nyuma ya masomo yetu, linalala kule juu usiku mmoja, na kushuka kesho yake. Mwaka huu komite ya matembezi imeleta shauri kwamba pesa ya sanduku inunue tisheti nyeupe za pamba, zenye jina la masomo na mwaka kwenye kifua. Sisi tuliopewa kazi ya kuongoza wanafunzi hatulikubali shauri hilo. Tunaandika hapa kusudi kila mtu ajue sababu, na anayetaka kutujibu atujibu katika namba inayofuata.

Tunataka pesa ile ile inunue triko za sufu kwa tombola. Ndiyo, tombola. Tunajua wengine wamekwisha kucheka.

Mwaka uliopita, ndugu zetu waliotutangulia walikamatwa na mvua kule juu saa ya tisa ya mchana. Mmoja wao alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka, akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Wenzake walifikiri amepata nafuu kwa sababu ametulia. Kumbe ni hapo ndipo hatari ilikuwa kubwa. Walimshusha kwa mgongo, wakibadilishana, na sisi wa darasa la tano tuliowapokea huku chini tulimkuta midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini tuliangalia nguo alizovuliwa: singleti ya pamba, shimizi ya pamba, na juu yake koti ya jini, ambayo nayo ni pamba. Nguo tatu, na zote tatu zilikuwa zimekunywa maji kama matambara ya kupangusia sakafu.

Mwili wa mtu unakaa karibu digrii 37. Ukishuka chini ya 35, akili na mikono vinaanza kukataa kazi. Wengi wanafikiri jambo hili ni la inchi za barafu tu. Hapana. Kukiwa na digrii 10, mvua na upepo, mtu aliyelowa anaweza kufika pale, sababu maji yanabeba joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Na hapa kwetu mtu hahitaji kwenda Ulaya kutafuta baridi. Tulijifunza kama hewa inapoteza digrii 6 na nusu hivi kwa kila metre 1000 za kupanda. Chukueni Nyiragongo, ambayo kila mtoto wa Kivu anaijua: Goma iko karibu metre 1500, na kichwa cha mlima kiko metre 3470. Pigeni hesabu wenyewe. Ni digrii 13 hivi zinazopungua. Mtu anatoka kando ya ziwa na mikono wazi, na siku ile ile anafika pahali ambapo meno yanagongana. Mlima wetu ni mfupi kuliko ule, lakini hesabu ni ile ile.

Basi tulitaka kujua kwa mikono yetu. Siku mbili za Posho, sisi watano tulipanda mpaka kwenye mgongo wa kwanza wa mlima, kwa ruhusa ya Bwana Prefe. Tulibeba nguo tano: tisheti nzito ya pamba yenye kofia, triko ya bluu ya akriliki, polari ya rangi ya machungwa, triko ya kijivu ya sufu nene iliyosukwa kwa mkono, na shimizi ya kijani ya sufu nyembamba, yenye vifungo vitatu shingoni, ambayo ndani yake imeandikwa kama ni ya merino. Merino ni aina ya kondoo wenye sufu laini sana. Kondoo wetu wa hapa wana nywele fupi tu, kwa hiyo tusiwadai.

Kila mtu alivaa chini singleti moja nyembamba, na juu yake nguo yake ya majaribio. Hiyo ndiyo tunaita nguo ya katikati. Ya ndani inagusa ngozi, ya juu inazuia mvua na upepo, na ya katikati kazi yake ni kushika hewa ya moto kati ya hizo mbili. Hapa watu wengi wanakosea: wanafikiri nguo inatoa moto. Nguo haina moto. Moto ni wako, nguo inauchunga tu. Uzi wa sufu umejikunjakunja, na katikati ya mikunjo ile hewa inakaa bila kukimbia.

Siku ya kwanza mwalimu wa fizika alitungojea huku chini na swali moja: «Munajua je kama ni nguo? Labda huyu mwenzenu damu yake iko moto tu.» Ilitubidi kupanda tena Posho iliyofuata na kubadilishana nguo. Tunamshukuru, hata kama miguu yetu haikumshukuru.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Wakati wa kupanda, triko ya kijivu ni mateso. Aliyeivaa alitoka jasho mbele ya kufika kwenye shamba la mihogo, akaivua, akaifunga kiunoni. Shimizi ya kijani ilivaliwa njia yote, vifungo vikifunguliwa penye mlima mkali na kufungwa penye upepo. Tulipoketi juu, katika ukungu, bila koti, upepo ulipita katika ile ya kijivu kama katika dirisha lisilo na kioo. Mwenye kuivaa akasema: «Hii kitu inanidanganya!» Lakini tulipovaa koti za mvua juu ya nguo zetu (wawili walikuwa na plastiki tu, iliyotobolewa tundu la kichwa), ile ya kijivu ikawa ya kwanza kwa joto, na mwenye kuivaa hakutaka tena kubadilishana na mtu.

Kisha tukazitia zote katika beseni ya maji, tukazikamua kwa nguvu, tukazivaa tena. Aliyevaa tisheti ya pamba aliivua upesi sana, na hatukumlaumu. Ilimshika mwilini kama jani la mgomba lililotoka mtoni. Akriliki na polari zilikamuka vizuri na zilikuwa za kwanza kukauka, lazima tuseme kweli. Sufu ilikuwa nzito, na ile ya kijivu ilinuka beberu kabisa. Lakini aliyeivaa alisema anasikia maji, hasikii ile baridi ya kuchoma. Mwalimu wa kemia alitueleza sababu. Uzi wa sufu unaweza kuingiza ndani yake mvuke wa maji karibu theluthi moja ya uzito wake na ngozi isisikie kama nguo imelowa. Tena wakati unaingiza mvuke ule, unatoa joto kidogo. Pamba haina uwezo wa namna ile, nayo ikilowa inalala bapa na hewa yote inatoka.

Asiseme mtu kama sufu hailowi. Gideoni alikamua ngozi ya kondoo akajaza bakuli ya umande, someni Waamuzi sura ya 6. Sufu inalowa sana, na ikilowa inachelewa kukauka. Tunachosema ni kwamba inakuacha mzima wakati inalowa.

Na polari? Tunaipenda. Mwenye nayo aivae, sisi hatuna ugomvi naye. Lakini ni plastiki. Usiku kule juu tunazunguka moto wa kuni, na cheche moja inatosha kuitoboa na kuyeyuka juu ya ngozi. Sufu ikipata cheche inanuka nywele zilizoungua, kisha inazimika yenyewe. Tena polari nzuri haikai kwa tombola muda mrefu, watu wa mjini wanaziwahi asubuhi wakati beli zinafunguliwa. Triko za sufu zinabaki chini ya fungu mpaka jioni. Mama mmoja muuzaji alitucheka: «Batoto yangu, hizi ni za bazee, nitabapunguzia.» Akapunguza kweli. Kwa bei ya tisheti moja yenye maandishi tulipata triko mbili.

Kuna hatari moja sokoni: si kila triko inayofanana na sufu ni sufu. Angalieni karatasi ndogo ya ndani. Ikiandikwa «laine», «wool» ao «lana», ni sufu. Ikiandikwa «acrylique», ni ndugu wa plastiki. Kama karatasi imekatwa, ombeni ruhusa ya muuzaji (tafazali, ombeni!), chomoeni uzi mdogo na kuuwasha. Sufu inanuka kama nywele, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Pamba inaungua upesi kama karatasi. Katika nguo sita tulizofanyia hivyo, muuzaji mwenyewe alikuwa amedanganywa kwa mbili.

Wengine wamelalamika kama sufu inawasha. Ni kweli, na haitoki kwa uchafu. Uzi mnene kupita mikroni 30 unachoma ngozi kama nywele ngumu za brosi. Uzi wa merino ni mwembamba kuliko huo, ndiyo maana ile ya kijani haikumsumbua mtu. Kwa zile nene, vaeni singleti ndani, mambo yamekwisha. Na Mama wa enternati anaomba tuandike hili kwa herufi kubwa: USIOSHE SUFU KWA MAJI YA MOTO, WALA USIIPIGE JUU YA JIWE. Uzi wake una magamba madogo yanayoshikana, na nguo inarudi ndogo. Triko moja ya enternati iliingia katika maji ya moto ikiwa ya mtu mzima, sasa ni ya mtoto wa miaka mitano. Maji ya baridi, sabuni kidogo, kuikandamiza polepole na kuilaza juu ya majani kivulini.

Tunajua kama neno lenyewe si baridi wala joto. Neno ni haya. Triko ya sufu iko inaitwa nguo ya sentineli, na kijana wa darasa la sita anataka kutoka katika fotografia kama mwanamuziki. Tuwakumbushe jambo moja. Mwaka wa 1924 Waingereza wawili, George Mallory na Andrew Irvine, walipotea karibu na kichwa cha mlima Everest. Maiti ya Mallory ilipatikana mwaka wa 1999, juu ya metre 8000, na vipande vya nguo zake bado viko juu yake: pamba, hariri, flaneli, sufu, moja juu ya nyingine, na jina la duka la mji wake likiwa bado limeshonwa. Watu wengi walikuwa wamezidharau nguo zile na kusema ni za kutembelea bustani. Basi nguo za mfano ule ule zikashonwa upya, na mwaka wa 2006 Graham Hoyland akazivaa kule Everest. Alikuta ni nyepesi, zinamwachia mikono kufanya kazi, na zina joto la kutosha kwa mtu anayetembea. Kulala nje usiku katika barafu ni habari nyingine. Lakini triko ambayo ilifika juu ya metre 8000 haitatuletea haya kwenye mlima wetu.

Na hata kama fotografia ndiyo shida, dawa iko. Dada wawili wa darasa la tano wamekubali kushona jina la masomo kwa uzi mweupe upande wa moyo. Herufi zao hazitafutika kwa kuoshwa kama rangi ya tisheti za mwaka uliopita, ambazo leo zinasomeka nusu tu.

Iko tena jambo ambalo komite haikulisema wazi. Tisheti zingelipwa nusu na sanduku, nusu na mwanafunzi. Tunajua majina ya wenzetu ambao nusu ile hawana, na hatutayaandika hapa. Wangebaki chini, ao wangepanda na shimizi ya masomo tu, pamba juu ya ngozi. Triko za tombola sanduku linaweza kuzilipa zote, kwa darasa zima, na zikirudi zitafungwa na majani makavu ya tumbaku kusudi nondo wasizitoboe, zingoje darasa la mwaka kesho.

Komite itakutana siku ya tatu, saa ya tisa, katika darasa la sita. Nguo zote za majaribio ziko kwa chumba cha msimamizi, anayetaka kuzishika, kuzinusa ao kuzivaa aje mbele ya saa ile. Ile ya kijivu tu tunaomba muiache kwanza kwenye majani. Bado haijakauka.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita,
kwa jina la watano waliopanda