Usugu wa Dawa: Tusimsingizie Mama wa Ngaramtoni

Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya kuhamasisha umma kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Nasi huambiwa kwamba kosa ni la mwananchi anayetumia dawa kiholela. Naikataa hukumu hiyo.

Tuanze na sayansi. Penisilini huua bakteria kwa kuzuia ujenzi wa ukuta wa seli yao. Seli ya binadamu haina ukuta huo, ndiyo maana dawa humwacha salama. Virusi navyo havina ukuta wa kubomolewa. Huingia ndani ya seli zetu na kuzitumikisha. Dawa za kufubaza VVU huzuia vimeng'enya ambavyo kirusi hicho hukitegemea kuzaliana. Dawa nyingi za fangasi hulenga ergosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa seli zao, ambayo sisi hatuna. Kila dawa ina shabaha yake. Asiyemjua adui hawezi kuchagua silaha.

Je, mama wa Ngaramtoni, mwenye mtoto wa miaka tisa anayekohoa, atamjuaje adui? Hospitali inamdai nauli, ada ya daktari, ada ya kipimo na siku nzima bila biashara. Duka la dawa liko hatua chache, naye hununua kapsuli nne za rangi mbili kwa kadiri ya fedha aliyonayo. Ikiwa kikohozi ni cha virusi, hazitamsaidia mtoto, bali zitawazoesha dawa bakteria walio mwilini mwake. Juu kidogo, miteremkoni mwa Meru, wapo wafugaji wanaowachoma ng'ombe wao sindano wenyewe, kwa kuwa mtaalamu wa mifugo yuko mbali.

Wapo watakaosema elimu inatosha. Elimu hainunui dozi kamili. Mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria kuwa bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Janga la kiasi hicho halizuiwi kwa mabango.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mtumishi wa umma unayesoma haya, hakikisha inamfikia mama huyu. Mwanafunzi, dai vipimo vya kuotesha bakteria katika hospitali za wilaya, na mtaalamu wa mifugo katika kila kata. Tukishayatimiza hayo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumlaumu.