Kazi ya Kujitolea Nayo Iwe na Mipaka



Wapo watu ambao hawamo katika daftari la mishahara la mwajiri yeyote, lakini siku wakikaa nyumbani, huduma ya afya vijijini itayumba. Tunasema juu ya washauri wa afya wa Rwanda, wanaoitwa kwa Kinyarwanda abajyanama b'ubuzima.

Katika sekta kama Cyanzarwe, wilayani Rubavu, mshauri wa afya ni mkulima kama jirani zake, nao ndio waliomchagua. Asubuhi yuko shambani. Jioni anampima mtoto mwenye homa. Hiyo ndiyo nguvu ya mpango huu ulioanza mwaka 1995. Rwanda ina vijiji 14,837, na si rahisi kuweka mganga wa mshahara katika kila kimoja.

Hatupingi kazi ya namna hii. Tunasema tu kwamba kazi isiyo na saa maalum haina budi kuandikiwa mipaka. Isipoandikwa, hunyumbuka upande mmoja tu: upande wa mzigo kuongezeka.

Tazameni. Washauri hawa walifundishwa kutibu malaria, kuhara na nimonia kwa watoto walio chini ya miaka 5. Wakapewa pia kuwafuatilia waja wazito na kupeleka habari zao kwa simu, utaratibu ulioanza kujaribiwa Musanze mwaka 2009. Mwaka 2016 wakaongezewa watu wazima wenye malaria. Kila nyongeza ilikuwa na sababu njema, na watoto wengi wamepona. Lakini siku haikuongezwa saa, na shamba halijilimi.

Na malipo je? Kwa muda mrefu yamepitia katika vyama vyao vya ushirika, kwa kadiri ya shabaha zilizofikiwa: asilimia 70 kwa miradi ya ushirika, asilimia 30 kwa wanachama. Ushirika ni jambo jema, maana ni mali yao wenyewe. Lakini ushirika si mwajiri. Mwanachama akivunjika mguu usiku akimsindikiza mama kujifungua, amdai nani?

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu hawa walipwe kulingana na uzito wa kazi, wawe na mkataba wa maandishi, na malipo yao yasitegemee shabaha peke yake. Huko Kenya, tangu mwaka 2023, imepangwa kila mmoja apate shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Wako watakaosema: mkileta mikataba, mtaua moyo wa kujitolea. Jawabu letu ni kwamba moyo huo hauuliwi na karatasi. Unauliwa na uchovu. Wala hatutaki kila mshauri awe karani wa kutwa.

Tunapendekeza maandishi ya ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma mshauri mwenyewe, yenye mambo manne.

Kwanza, kazi zake zitajwe, pamoja na siku anazotoa kwa juma.

Pili, ijulikane ni nani mwenye haki ya kumwongezea kazi. Leo kijiji chaweza kumwagiza, kituo cha afya chaweza, na sekta pia. Kazi mpya ije na fidia yake, au ya zamani iondolewe.

Tatu, ziwepo ngazi: anayetoa siku chache, anayetoa nusu ya wakati wake, na msimamizi. Kupanda na kushuka kuwe kwa hiari, na anayepumzika msimu wa kupanda asipoteze nafasi yake.

Nne, washauri wawe na wajumbe wao palipo na maamuzi juu ya kazi yao.

Nasi wa vyama vya wafanyakazi tuna wajibu wetu. Tusimwulize mtu hati ya mshahara kabla ya kumfungulia mlango. Aliyechaguliwa na kijiji kuwatumikia wenzake hakuchaguliwa kuwa mtumwa wao.