Dhamana: Swali kuu ni iwapo mshtakiwa atarejea kortini

Kila mara mshtakiwa wa mauaji anapoachiliwa kwa dhamana, wananchi wengi hulalamika kwamba haki imeuzwa. Malalamiko hayo yana chimbuko lake. Kabla ya Katiba ya 2010, walioshtakiwa kwa mauaji, uhaini au wizi wa kimabavu hawakuruhusiwa kuachiliwa kwa dhamana. Walisalia rumande hadi kesi ziamuliwe, hata zikichukua miaka.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya sasa kilifuta ubaguzi huo wa makosa. Kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuilia, na ni jukumu la upande wa mashtaka kuzithibitisha. Haitoshi kiongozi wa mashtaka kusimama na kudai kuwa kosa ni la kinyama. Sharti aonyeshe, kwa mfano, jinsi shahidi alivyotishwa, au kwamba mshukiwa alinaswa akijaribu kuvuka mpaka.

Swali linalomkabili jaji ni moja: je, mtu huyu atarejea kortini kesi yake ikisikizwa? Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai humwelekeza atazame uzito wa kosa, nguvu ya ushahidi, uhusiano wa mshtakiwa na jamii yake, na iwapo aliwahi kukiuka masharti ya dhamana. Uzito wa kosa huingia hapa kwa sababu anayehofia adhabu kali ana kishawishi kikubwa cha kutoroka. Aidha, mshtakiwa anaweza kuzuiliwa kwa usalama wake mwenyewe.

Kesi ya aliyekuwa Gavana wa Migori, Okoth Obado, aliyekana kuhusika katika mauaji ya mwanafunzi wa chuo kikuu, ilidhihirisha jinsi mizani hiyo inavyobadilika. Mnamo Septemba 2018, Jaji Jessie Lesiit alimnyima dhamana. Mwezi uliofuata, jaji huyo huyo alimwachilia kwa Sh5 milioni, akamwagiza asikaribie mpaka wa Kaunti ya Homa Bay kwa umbali wa kilomita 20. Washtakiwa wenzake wawili walisalia rumande. Shtaka lilikuwa moja, lakini kila mmoja alipimwa kivyake.

Hata hivyo, dosari kubwa haiko katika kesi za watu mashuhuri, ingawa ndizo hujaza kurasa za magazeti. Iko katika mahakama za mahakimu, ambako mchuuzi anayedaiwa kuiba simu huambiwa alipe Sh50,000 pesa taslimu. Kwa mtu asiye na hatimiliki ya shamba wala jamaa wa kumdhamini, agizo hilo halina tofauti na kunyimwa dhamana, ilhali sheria inasema waziwazi kuwa kiasi kisipite kadiri.

Mwongozo uliotolewa 2015 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulinuia kuziba pengo hilo kwa kutumia ripoti za maafisa wa urekebishaji tabia, ambao humweleza hakimu mshtakiwa anaishi wapi na anapata riziki vipi. Mahakama Kuu nayo ina mamlaka ya kupunguza kiasi kilichowekwa. Lakini ombi hilo sharti liwasilishwe, na wengi walioko rumande hawana wakili wa kuliandika.