Kiinimacho cha Sare Mpya

Parokia zetu zinapojiandaa kwa sherehe, iwe ya somo wa parokia, jubilei au upadrisho, swali la kwanza kikaoni huwa: sare itakuwa kitenge gani? Hatuulizi kama sare ya mwaka jana imechakaa. Tunaona tu kwamba watu wameshaizoea. Kipya kinyemi, ijapo kidonda.

Katika hili tunaweza kujifunza kwa wabunifu wa mavazi, kwa kuwa wao wanajua jinsi jicho linavyodanganyika. Mwaka 1867 mwanasayansi Mjerumani, Hermann von Helmholtz, alieleza kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko wenye mistari ya kusimama, ingawa vipimo vyake ni sawa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walilijaribu jambo hilo kwa picha za wanawake, na mwenye gauni la mistari ya kulala ndiye aliyeonekana mwembamba zaidi. Wengi wetu tumeambiwa kinyume chake tangu utoto!

Huko Paris, mwaka 1927, mbunifu Elsa Schiaparelli alitoa sweta lililoonekana kama limefungwa utepe shingoni. Utepe wenyewe haukuwapo. Ulikuwa umefumwa ndani ya sweta kwa nyuzi za rangi tofauti. Jicho lilipata pambo lake bila kitambaa cha ziada.

Hapo ndipo sanaa hii inapogusa utunzaji wa mazingira. Gauni la kwaya likibana, fundi cherehani anaweza kuongeza kipande cheusi kila ubavu: gauni linapanuka, na mvaaji anaonekana mwembamba. Sketi ikiwa fupi, pindo la rangi nyingine linairefusha. Sare ya zamani inapata sura mpya, na hakuna aliyenunua jora jingine.

Lakini kuna kiinimacho kingine, nacho ni cha hatari: bei ndogo. Vitambaa vingi vya bei nafuu ni vya poliesta, inayotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Vikifuliwa humwaga nyuzinyuzi za plastiki majini, na vikitupwa haviozi kama pamba. Tena, wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo liliporomoka nchini Bangladesh, wakafa watu zaidi ya 1,100. Walikuwa wakishona nguo za kuuzwa kwa bei rahisi nchi za mbali. Lebo ya nguo haisemi habari hizo.

Hata picha zetu za sherehe zina kiinimacho chake. Kwaya nzima katika sare moja inapendeza sana, lakini picha haimwonyeshi mama aliyebaki nyumbani kwa sababu hakuwa na fedha ya kitenge na ya fundi.

Wapo watakaosema kwamba sare inatuunganisha, na kwamba mafundi wetu wanaishi kwa kushona. Ni kweli. Hatusemi sare ziachwe. Lakini sare ya miaka mitano inaunganisha zaidi, maana hata mnyonge ameshaipata. Na fundi anayepanua, kupunguza na kurekebisha naye hulipwa. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alikumbusha fundisho la Papa Benedikto wa 16 kwamba kununua ni suala la maadili pia, si la uchumi pekee.

Basi tunapendekeza hivi: kabla ya kikao kijacho kuchagua kitenge, kila mmoja afungue kabati lake na kuhesabu sare alizonazo. Kisha fundi aitwe kikaoni kwanza, kabla ya muuza vitenge.